Dawa za Kichina hazigawanwi jamani

Wabongo tuliopo Guangzhou tuna hii tabia, mtu kaandikiwa dawa za mitishamba hospitali, zimechemshwa hukohuko na kufungwa kwenye vile vipakiti vya plastiki, akirudi geto mwenzake analalamika tumbo basi anamkatia viwili vitatu, "kanywe hizi zimenisaidia". Acheni. Kwa madaktari wa Kichina tumbo lako na tumbo lake yanaweza kuwa magonjwa mawili tofauti kabisa hata kama yote yanauma.

Iko hivi, kabla hajaandika dawa anataka kujua mwili wako umejaa au umepungukiwa. Umejaa, wanaita shi, maana yake kuna kitu kimekwama ndani hakitoki, joto, makohozi, chakula kilicholala tumboni. Umepungukiwa, xu, ni nguvu au damu yenyewe ndo haitoshi. Wa kwanza anapunguzwa, wa pili anaongezwa, na hiyo kanuni ipo tangu Huangdi Neijing, kitabu cha miaka 2,000 na ushee.

Wanajuaje sasa? Anakwambia toa ulimi, ukiwa na utando mzito wa njano anafikiria shi yenye joto, ukiwa umepauka, mnene, una alama za meno pembeni, hiyo xu. Anashika mapigo kwa vidole vitatu, mkono huu halafu ule, kimyaaa. Mi kilichonikamata zaidi ni pale anapobonyeza tumbo. Ukisikia nafuu mpaka unatamani asitoe mkono, xu. Ukiruka, shi.

Sasa huyo wa shi aliyefunga choo anaweza kupewa dahuang, mzizi unaofungulia choo haswa. Mpe yule aliyepauka na anaharisha tayari uone kama ataamka kesho kwenda sokoni. Na ginseng, mzizi wa kuwaongeza wale wa xu, ndo usiseme, vijana wanaibugia kwa sababu wamesikia inaleta nguvu (nguvu gani tunajuana), mtu koo limevimba, homa juu, naye anakunywa, si anachochea moto huyo? Hata liangcha, ile chai ya mitishamba, nyeusi na chungu, ya vibandani, ni ya kupoza joto, mwenye tumbo la baridi ikimkimbiza chooni asishangae.

Halafu kuna wenye vyote viwili, mfano mzee kifua kimejaa makohozi na huku mwili umeisha, hapo daktari anachanganya kwa vipimo vyake na ndo maana haigawanwi.

Sisemi muamini yote. Mi nikipata homa napima damu kwanza, malaria haionekani kwenye ulimi, na China ilishatangazwa na WHO haina malaria tangu 2021 kwa hiyo daktari anaweza asiiwaze kabisa, we mwambie mwenyewe kwamba umetoka likizo Tanga juzi. Na kama unameza vidonge vya presha au sukari nenda na boksi lake, mwonyeshe kabla hajashika kalamu.