Sukari iliyojificha kwenye malisho

Ndugu zangu mnaotunza farasi, jambo hili liko moyoni mwangu. Huku Uingereza ninakofanya kazi ya zizini tuna poni (farasi wa umbo dogo) mmoja mnene aliyewahi kuugua laminaitisi, uvimbe wa ndani ya kwato. Mnyama anaumia hadi anaogopa kukanyaga! Sukari ya majani mabichi ni moja ya vyanzo vikubwa.

Sasa tunakamua utomvu wa nyasi na kuupima kwa refraktomita, kifaa kinachotumia jinsi mwanga unavyopinda kuonyesha wingi wa vilivyoyeyuka, hasa sukari. Alfajiri kipimo huwa chini, alasiri baada ya jua la kutwa kinapanda. Ila usiku wa baridi, chini ya nyuzi 5 hivi, nyasi hazikui, kwa hiyo sukari ya mchana inabaki humo humo. Asubuhi ya barafu yenye jua ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, poni hatoki.

Kifaa hicho husoma kila kilichoyeyuka kwenye utomvu, si sukari pekee, hivyo nakitumia kulinganisha saa na saa tu. Nyasi kavu zinapelekwa maabara: kwa farasi kama huyu, sukari na wanga visizidi asilimia 10 hadi 12 ya uzito mkavu. Zikizidi tunaziloweka kabla ya kumlisha. Maji yale mwageni, asiyanywe.