Jinsi nilivyoachana na jarife la kulaza usiku kucha

Mi ni mvuvi wa huku Mafia, baba alikuwa na jarife na mjomba analo mpaka leo, na mimi nimevua nalo miaka mingi kabla sijaliacha. Nataka nieleze nilivyoliacha maana wenzangu wananiuliza sana.

Kwa asiyelijua, jarife ni wavu wa macho makubwa, unalala chini kumsubiri papa na taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, unautega jioni unarudi nyumbani kulala, alfajiri ndo unakwenda kuinua. Hapo kwenye kulala ndo penye msiba wote. Kasa anavuta hewa kama mimi na wewe, sasa akinasa saa tatu usiku hawezi kupanda juu, na vile anavyopigana ndo pumzi inakwisha haraka zaidi, sisi tunafika asubuhi tunavuta tunasikia uzito tunasema leo taa mkubwa, kumbe kasa, kafa zamani. Mkubwa anapita kilo 100. Wavu nao umechanika na umejisokota, siku mbili mpo pwani mnashona hamjaingiza hata mia.

Kaskazi moja nilitoa watatu ndani ya wiki moja. Yule wa tatu jike, jamani iliniuma, kasa anachukua miaka 20 na kuendelea mpaka aje aanze kutaga, na hawa ndo wanaopanda fukwe za Juani hapa kwetu kutaga mayai, sasa amehangaika miaka yote hiyo aje afie kwenye wavu wangu na mimi hata sikuwa na haja naye. Kumuuza ni kosa kisheria. Kumla nako tumeona, Machi 2024 kisiwani Panza kule Pemba watu 9 walifariki kwa nyama ya kasa, 8 kati yao watoto.

Nikaanza na sehemu ya kutega. Zamani tulikuwa tunatega pembeni ya majani yanayoota chini ya bahari kwa sababu ni karibu, na yale majani ndo malisho ya kasa, yaani tulikuwa tunaweka mtego mlangoni kwake. Nikasogea kwenye maji marefu zaidi, wakapungua kweli ila hawakuisha.

Halafu nikaacha kurudi nyumbani. Natega nakaa hapohapo chomboni nainua kila baada ya saa moja na kitu, inachosha sijui nisemeje, baridi na usingizi, lakini wengi nikawa nawakuta hai nawafungua wanaenda zao. Usiku mmoja nikapata mmoja kalegea kabisa, macho hayachezi, kijana wangu akasema baba huyu kaisha, mtupe. Nikakumbuka nilivyoelekezwa: usimlaze chali hata siku moja, mlaze kifudifudi, inua upande wa nyuma kama shibiri moja hivi ili maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa kibichi, mwache. Tukamwekea gunia chini ya mkia tukaendelea na kazi. Jua limeshatoka ndo akainua kichwa akavuta pumzi moja kubwa, wote tukanyamaza. Tulimrudisha majini taratibu, injini tumezima.

Pamoja na hayo wengine bado walikufa, saa moja chini kwa kasa anayepigana ni nyingi mno. Ndo nikaamua kubadili chombo chenyewe, nikaingia kwenye mshipi, ule uzi wa ndoana wa mkononi, na dema, mtego wa kusukwa ambao samaki anaingia mwenyewe. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ngumu, nisidanganye mtu, papa mmoja wa jarife ni hela ya mara moja, na huku unapata changu, tasi, siku njema chewa, kidogo kidogo. Ila kila siku nina samaki mbichi wa kuuza na sishoni wavu tena. Kwenye dema kasa haingii, mlango mdogo, ila kamba ya boya usiiache ndefu inaelea ovyo maana anaweza kujisokota shingo au kikono. Kwenye mshipi kasa kunasa ni nadra sana, na hata hivyo nimehamia ndoana za duara, haimezwi kirahisi mpaka tumboni kama ile iliyonyooka, na samaki inamshika vizuri mdomoni.

Kwa asiyeweza kuacha nyavu, kuna wavuvi wa Sechura kule Peru walifungiwa taa za betri za kijani kwenye kamba ya juu ya wavu, kasa wakapungua zaidi ya nusu na samaki wao wakabaki vilevile. Hizo mi sijazitumia, zikifika huku kwa bei ya mvuvi mdogo ntakuwa wa kwanza kumpelekea mjomba.

Maana mjomba hataki kusikia habari ya kuuza jarife lake. Ila kalitoa kwenye majani, na siku hizi analala chomboni. Juzi kanipigia saa tisa usiku, hata salamu hakumaliza, "Mwanangu, ule upande wa nyuma umesema ninyanyue kiasi gani?"