Sekunde 30 za Wimbo Usioujua: Nilivyosanifu Programu ya Kugundua Muziki Mpya

Nilipoanza kusanifu programu ya simu ya kuwasaidia watu kugundua muziki mpya, nilikuwa na hakika kwamba ugumu ungekuwa kwenye hesabu za kupendekeza nyimbo, na kwamba sura ya programu ingejikamilisha yenyewe mwishoni. Mambo yalikwenda kinyume. Hesabu ninazotumia leo ni nyepesi kiasi cha kunitia haya mbele ya wataalamu, lakini sehemu kubwa ya miezi saba ya kazi ilimezwa na maswali mawili: msikilizaji asikilizishwe sehemu gani ya wimbo asioujua, na akiuruka, ana maana gani?

Mchoro wa kwanza niliuchora kwa penseli. Skrini ya kufungulia ilikuwa na miduara 12, kila mmoja ukiwa na jina la aina ya muziki: jazi, rege, hip hop, klasiki na kadhalika, na mtumiaji alitakiwa kuchagua angalau mitano. Niliona ni busara, kwa kuwa programu isiyojua lolote kuhusu mtumiaji wake haina pa kuanzia. Niliwaita watu sita, nikaketi na kila mmoja peke yake, nikampa simu, nami nikanyamaza. Wa kwanza aliutazama mduara wa jazi kwa muda, kisha akaniuliza, "Samahani, jazi ipi?" Sikuwa na jibu. Wa tatu aligusa yote 12 ili apite. Wa tano alichagua aina ambazo angependa watu wajue anazipenda, jambo alilolikiri mwenyewe huku akicheka tulipomaliza. Skrini ile niliifuta siku hiyo hiyo. Sasa programu ikifunguliwa, kuna kitufe kimoja kikubwa tu. Ukikigusa, wimbo unaanza. Kitufe chenyewe nilikiacha kwa sababu ya adabu, maana simu inayopiga muziki bila kuombwa, mwenyewe akiwa katikati ya watu, hufutiwa programu hiyo kabla wimbo haujaisha.

Katika kupendekeza nyimbo, kuna njia mbili zinazojulikana tangu zamani. Ya kwanza ni kuusikiliza wimbo wenyewe: Music Genome Project, mradi ulioanza mwaka 2000 na ambao ndio msingi wa Pandora, huduma ya redio ya muziki mtandaoni, uliwatumia wanamuziki waliofunzwa kuupa kila wimbo alama katika sifa zinazofikia takribani 450. Ya pili ni kuwatazama wasikilizaji, kama ilivyofanya Audioscrobbler, programu ya mwaka 2002 iliyokuja kuungana na tovuti ya muziki ya Last.fm: unarekodi nani anasikiliza nini, kisha unampa mtu kile wanachopenda wenzake wanaofanana naye. Mimi sikuwa na jopo la wanamuziki wala umati wa wasikilizaji. Nilikusanya nyimbo mia chache zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons, ambazo humruhusu mtu kuitumia kazi ya mwingine kwa masharti, nikaziacha zile ambazo leseni zake zinakataza kuibadilisha kazi, kwa kuwa nilikusudia kukata vipande na sikutaka ubishi, kisha nikaupa kila wimbo alama katika sifa nane tu: kasi, uzito wa ngoma, ala inayoongoza, kuwepo kwa sauti ya mtu, na nyingine za namna hiyo. Kazi hiyo ilinichosha, lakini ilinilazimisha kuujua kila wimbo niliokuwa nikimpelekea mtu, na sidhani kama ningeyaona yaliyofuata bila kupitia hapo.

Nilikuwa nimeamua kwamba kila wimbo ujitambulishe kwa kionjo cha sekunde 30. Mwanzoni vionjo vyote vilianzia sekunde ya kwanza. Nyimbo nyingi huanza taratibu, gitaa peke yake au ngoma za mbali, na vidole vya wajaribu viliteleza kwenda wimbo mwingine kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nikahamia katikati ya wimbo. Hapo kionjo kikawa kama mtu aliyeingia chumbani akimalizia sentensi aliyoianza nje. Kisha nikaandika programu ndogo ya kutafuta kipande kinachojirudia zaidi, ambacho mara nyingi ndicho kiitikio, nikakianzishia kionjo hapo hapo. Nilitegemea hilo lingemaliza kazi, lakini bado watu waliruka. Kiitikio kina nguvu kwa sababu ya kile kilichokitangulia, na ukikileta bila utangulizi wake kinasikika kama kelele. Nilichofanya ni kurudi nyuma sekunde nane kabla ya kiitikio na kuipandisha sauti polepole katika sekunde ya kwanza, ili sikio lisishtuke. Kati ya mabadiliko yote niliyofanya, hili ndilo lililowafanya watu wakae na wimbo.

Kasoro iliyofuata nilichelewa kuiona, kwa sababu ilijificha ndani ya matokeo mazuri. Nyimbo fulani zilikuwa zikihifadhiwa na karibu kila mjaribu, ingawa kwa sifa zangu nane hazikufanana kabisa. Nilizisikiliza mfululizo usiku mmoja nikiwa nimevaa vipokea sauti vya masikioni, na ilipofika ya nne nikajikuta napunguza sauti ya simu. Zilikuwa zimerekodiwa kwa sauti kubwa kuliko nyenzake, basi! Sikio la binadamu hudhani kwamba chenye sauti kubwa kidogo ndicho kizuri zaidi, na mimi nilikuwa nimeyaita makosa hayo ladha. Watangazaji walishakutana na tatizo hili. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa mwaka 2010 pendekezo la R 128, linalosawazisha ukubwa wa sauti kama unavyosikika, kwa kiwango cha LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi). Kwa simu kiwango hicho ni cha chini mno, hivyo vionjo vyote nilivisawazisha kwa LUFS -14. Alama zote za wajaribu zilizotangulia nilizitupa. Iliuma.

Suala la kuruka wimbo lilinijia kupitia dada mmoja aliyekuwa akijaribu toleo la pili. Wimbo ulianza, akatabasamu, akatikisa kichwa kufuata mdundo, na baada ya sekunde nne akauruka. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Huu ninao tayari, kila siku nausikiliza." Wakati huo seva yangu ilikuwa imeshapunguza alama za nyimbo zote zinazofanana na ule aupendao kila siku. Mwingine aliruka kwa sababu nyumba ilikuwa na kelele na alitaka kuusikiliza wimbo vizuri baadaye. Kwa hiyo ishara niliyoisoma kama "siupendi" ilikuwa na maana tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa karibu na kinyume chake.

Kwa haraka zangu niliweka vitufe vitatu, kila kimoja na maana yake. Havikufaa: mtu anayesikiliza hataki kusoma, na wajaribu waliishia kugusa kile kilichokuwa karibu na kidole gumba. Nikabaki na miondoko miwili ya kidole. Ukitelezesha kando, unaruka. Ukitelezesha juu, unasema unaujua, na programu inakuchukulia kuwa unaupenda kwa nusu ya uzito wa kuhifadhi. Kuruka mara moja hakuna adhabu tena. Hupunguza alama pale tu mtu anaporuka nyimbo tatu zinazokaribiana kwa sifa, na kionjo kilichorudiwa kina uzito kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hakuna anayerudia wimbo kwa bahati mbaya.

Vionjo pia vilitakiwa kuanza papo hapo. Kwa kasi ya kilobiti 96 kwa sekunde, kionjo kimoja kina ukubwa wa takribani kilobaiti 360, hivyo programu hupakua viwili vinavyofuata wakati kimoja kinasikika. Kabla ya hapo kulikuwa na ukimya wa sekunde mbili au tatu, na katika ukimya huo watu waliutazama mchoro wa jalada na kuuhukumu wimbo kwa macho. Nilijaribu hata kulificha jalada kwa sekunde kumi za mwanzo. Wajaribu walilichukia wazo hilo kwa kauli moja, nami nikaliacha, ingawa moyoni bado naamini nilikuwa sahihi.

Yaliyosalia yalikuwa mepesi. Kwa siku mtu huletewa nyimbo kumi tu, kwa sababu orodha isiyo na mwisho iliwafanya wajaribu waruke ovyo wakijua nyingine zinakuja. Hata Discover Weekly, orodha ya mapendekezo ya Spotify iliyoanza mwaka 2015, hutoa nyimbo 30 kwa wiki na kuishia hapo. Kati ya hizo kumi, mbili hutoka mbali kabisa na anachopenda mtu, la sivyo programu ingemzungusha kwenye kona moja hadi achoke, na chini ya kila mojawapo pana mstari mfupi unaosema wazi kwamba hii imeletwa kwa kubahatisha. Mstari huo ulipunguza malalamiko kuliko marekebisho yoyote ya hesabu.

Programu ndogo ya kutafuta kiitikio hufanya kazi yake vizuri kwenye nyimbo nyingi. Kwa zile zisizo na kiitikio, hasa za ala tupu zinazokwenda dakika tisa bila kujirudia, huishia kuchagua kipande kisicho na kichwa wala miguu, kwa hiyo hizo bado nazikata kwa mkono, nikisikiliza wimbo wote kwanza.