Nilivyokiacha kipimajoto nikauamini unyayo

"Mdogo wangu, theluji ya machipuko imeshatulia, haina maneno." Aliyeniambia hivyo amepanda milima miaka mingi kuliko mimi, nami nikaumeza ushauri wake mzimamzima. Ninaandika haya nikiwa hai, ila fimbo yangu moja ya skii haijaonekana hadi leo.

Usiku ule kipimajoto kilichoning'inia mlangoni mwa hema kilisoma nyuzi 1 chini ya sifuri. Nikalala nikijua theluji imeganda. Mawingu yalikuwa yametanda tangu jioni, wala sikuyajali. Tukaamka kwa raha zetu, tukanywa chai mara mbili (mara mbili!), tukaondoka saa tatu asubuhi. Juu kulikuwa na ukoko mwembamba, chini yake uji mtupu. Kila hatua napasua, nazama hadi gotini. Mara mabonge madogo ya theluji yakaanza kubingirika yenyewe kutoka chini ya miamba iliyopigwa na jua, yakinenepa kila yanapozunguka. Nikayapiga picha. Mlima unanifukuza, mimi nauambia utabasamu!

Kidogo tu, mteremko wa pembeni ukaachia. Nilidhani poromoko huja kwa kishindo. Hili lilikuja polepole, zito, kama zege linalomwagwa. Liliimeza fimbo niliyokuwa nimeichomeka, likapita kama hatua sita kutoka nilipoganda. Ndiyo, tulikuwa na redio za kumtafuta aliyefukiwa, fito ndefu za kuchomeka thelujini kumgusa alipo, na koleo. Lakini aliyefukiwa ana kama dakika 10 hadi 15 hivi kabla matumaini hayajaanza kwisha, na zege lile likisimama hukaza. Halafu nikagundua simu yangu ilikuwa mfuko mmoja na redio, ikiivuruga mawimbi. Msomi mzima!

Kosa langu lilikuwa mawingu. Theluji hupoa kwa kurusha joto lake angani usiku. Mawingu yakitanda ni blanketi. Anga ikiwa wazi na hewa kavu, theluji inaweza kuganda hata kipimajoto kikisoma juu ya sifuri.

Safari iliyofuata nikaja na ujanja wangu. Jioni, theluji ikiwa bado mbichi, nilikanyaga kwa nguvu mbele ya hema, nikaacha unyayo wa kina kirefu. Usiku nyota zilijaa, kipimajoto nyuzi 2 juu ya sifuri. Mwenzangu akasema, "Leo tulale tu, kaka." Saa kumi alfajiri nikatoka na tochi, nikaupiga teke ukingo wa unyayo. Haukumeguka hata punje. Niliyemeguka ni mimi, kidoleni. Nikapanda juu ya ukingo kwa uzito wangu wote, ukanibeba. Twende!

Njiani nilirudia kipimo hicho kwa kisigino, maana baridi hutuama bondeni na kambi inaweza kukudanganya. Miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoachia zaidi (simu inapima, weka juu ya fimbo iliyolazwa mteremkoni), kwa hiyo inayotazama mashariki, ambayo jua huianza, tuliimaliza mapema. Saa nne buti likaanza kuzama kufikia kifundo. Kilele kilikuwa kinaonekana kabisa. Tukageuka.

Kidole gumba kilivimba siku mbili. Nilimwonyesha yule kaka wa "imeshatulia", akaniuliza kwa nini sikununua kipimajoto.