Usambara, Nyumbani kwa Tarantula wa Rangi ya Chungwa

Mpwa wangu anaishi Bremen, Ujerumani, na chumbani kwake anafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Ana rafu nzima ya masanduku ya plastiki, kila moja na udongo wake, kipande cha gome la mti na kisahani cha maji. Alipopata likizo ya kuja Tanga aliniandikia kwamba akishamsalimia bibi yake na ndugu wengine, anaomba nimpeleke Usambara. Kuna buibui wa huko anayeuzwa Ulaya kwa jina la milima yetu. Yeye anaye mmoja, alimnunua akiwa bado kitoto kwa pesa isiyofika euro 20, na alitaka kuona ukoo wake unaishi wapi.

Mimi nafundisha biolojia sekondari, kwa hiyo safari ya namna hiyo sihitaji kubembelezwa. Lakini tulipokuwa tunafunga mizigo nikaona ndani ya begi lake vikopo vidogo vya plastiki, vifuniko vimetobolewa matundu ya hewa.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya akiba tu, shangazi. Kama tukibahatika."

Nikamwambia afunge begi, mengine tutaongea njiani.

Na njia ilitosha. Costa la Muheza lilisimama kila kituo, kwa hiyo nilipata nafasi ya kumhadithia habari ya Naivasha. Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji, kila mmoja na miaka 19, walikamatwa katika nyumba ya wageni mjini Naivasha wakiwa na nini? Siafu? Hapana, hata siafu hawakuwa. Walikuwa ni sisimizi wavunaji wa mbegu, malkia wapatao 5,000, wamefungiwa ndani ya vijichupa vyembamba vyenye pamba ili waishi safari nzima. Tarehe 7 Mei mahakama ya Nairobi ikawahukumu faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimtetei tembo na faru peke yao. Inataja mnyama, mmea, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho, mradi ni wa asili ya nchi hiyo na hakufugwa. Na wale walibeba malkia, yaani kila kijichupa kilikuwa kichuguu kizima ambacho hakitaanzishwa tena.

"Hao walibeba elfu tano," mpwa wangu akasema. "Mimi nazungumzia mmoja, labda wawili."

Jibu hilo nililitarajia. Kila anayechukua huchukua mmoja au wawili, na mlima hauna namna ya kujua kwamba hawa wawili wamekwenda kwa mtu mwema anayewapenda.

Muheza tulipanda gari la kwenda Amani. Barabara ni ya vumbi hadi Sigi, kwenye jengo la stesheni ya reli ya Wajerumani, ambako ndiko mgeni anaandikishwa na kulipa. Baada ya hapo ni kona juu ya kona, hewa inapoa, na miti inafunga anga. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, lakini historia yake ya utafiti ilianza 1902, Wajerumani walipoanzisha taasisi ya kilimo na baiolojia pale. Bustani yao ya mimea bado ipo, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia imekuwa mikubwa ya kutisha.

Nilimpitisha huko kwa makusudi, ingawa buibui wake hakai kwenye msitu wa mvua. Nilitaka aone ua. Kwenye mwamba wenye unyevu, pembeni ya kijito, mwongoza wageni alituonyesha mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Mpwa wangu akaruka. "Bibi wa jirani yangu anayo haya dirishani!" Anayo, na mamilioni ya watu wanayo. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire aliuchukua mmea huu Usambara akaupeleka kwao Ujerumani, ukapewa jina lake, Saintpaulia, na leo ni kati ya maua ya ndani yanayouzwa zaidi duniani. Waliobaki nao kwenye mwamba hawakupata senti, na baadhi ya ndugu zake wa porini sasa wamo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka, maana misitu imekatwa na wao hawajui kuishi kwingine.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipopata uzito. Aliniuliza kwa dhati, si kwa ubishi: kwani sheria yetu inasemaje hasa kuhusu buibui? Nikamweleza ninavyofundisha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inapotaja mnyama inamhesabu na asiye na uti wa mgongo, kwa hiyo buibui hakuachwa nje ya mlango. Ndani ya hifadhi kama Amani kuna Sheria ya Misitu ya 2002 juu yake. Mtafiti anayetaka sampuli anapita COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, anaeleza anachukua nini, wangapi, na kwa sababu gani. Na mwezi Mei 2016 serikali ilisimamisha kabisa biashara ya kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi. Mtalii mwenye kikopo hana mlango hata mmoja wa kupitia.

"Lakini shangazi, nikifika kule hakuna atakayeniuliza. Huyu hayumo kwenye CITES."

Ni kweli, na inauma. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, una tarantula wachache tu. Wale wa Meksiko wenye magoti mekundu waliingizwa 1985 baada ya kuchukuliwa kwa wingi mno kupelekwa Marekani na Ulaya. Tarantula wa mitini wa India na Sri Lanka, jamii ya Poecilotheria, waliingizwa 2019, wakiwemo wale wa buluu wa Andhra Pradesh ambao makazi yao yote yanayojulikana ni kipande kimoja cha msitu ulioharibiwa. Buibui wa Afrika Mashariki hayumo hata mmoja. Marekani wana sheria ya tangu mwaka 1900, Lacey Act, inayomfanya mtu kuwa mkosaji akiingiza mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria za nchi nyingine. Umoja wa Ulaya hauna sheria kama hiyo kwa wanyama wote. Mnyama akishapita uwanja wa ndege, anauzwa mchana kweupe, na muuzaji anaandika "kutoka Tanzania" kama sifa ya kupandishia bei. Mimi naona ni aibu, na niliwahi kuwaambia hivyo wanafunzi wangu: sheria ya kwetu inavunjwa kwetu, faida inahesabiwa kwingine.

Tulishuka Muheza tena, tukashika basi la Korogwe na kufika Mombo jua likiwa kali. Upande huu ni dunia nyingine. Milima inasimama wima kama imekatwa kwa shoka, na chini yake ni nchi kavu ya migunga, mibuyu na mashamba ya mkonge. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, majani yamechipua, na kwa buibui wa shimoni huo ndio msimu wa kufungua mlango. Bodaboda zikatupeleka hadi kijiji ambacho jina lake sitaliandika, na sababu nitaieleza.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Tulimwamkia, tukaketi, tukanywa maji, na baada ya habari za mvua na za watoto nikamweleza tumefuata nini. Alinyamaza kidogo. Kisha akamtazama mpwa wangu.

"Mwanangu, umekuja na jembe?"

"Hapana, babu."

"Basi usiku nitakupeleka."

Tulikwenda baada ya isha, tochi mkononi, viatu vya kufunika. Nimefundisha sura ya araknida, yaani buibui na jamaa zake, miaka mingi, lakini sikuwa nimewahi kumwona huyu mlangoni kwake. Shimo lilikuwa chini ya mzizi wa mgunga, upana wake vidole vitatu. Kuzunguka mdomo wa shimo alikuwa ametandaza hariri nzito, nyeupe iliyochanganyika na punje za udongo, na nyuzi zinatambaa kufuata majani makavu hadi mbali. Yeye alikuwa amekaa pale pale mlangoni, miguu minne ya mbele imegusa nyuzi. Rangi ya chungwa lililoiva, mgongoni mistari meusi inayotawanyika kutoka katikati. Mende mdogo akagusa uzi mmoja kwa pembeni, na kabla sijamwonyesha mpwa wangu, mende hakuwepo.

Mpwa wangu alipiga magoti akasogeza tochi. Buibui akainuka kwa nyuma, miguu ya mbele juu, meno meusi yamefunguka, tone la sumu linang'aa kwenye ncha. Tarantula wengi wa bara la Amerika wana nywele za kuwasha wanazomrushia adui. Wa kwetu hawana, silaha yao ni meno, na huyu akikuuma maumivu na kukakamaa kwa misuli vinaweza kukaa nawe siku kadhaa. Alikaa hivyo kidogo, halafu akazama shimoni.

"Huyu ni jike mkubwa," mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini. "Ana miaka mingi huyu."

Katika hilo yeye ndiye mwalimu, ameishi nao. Dume akishakomaa anaacha shimo, anazurura kutafuta jike, na maisha yake yaliyobaki ni mafupi. Jike hubaki, na anaweza kuishi miaka mingi, akitaga na kulinda mfuko wa mayai kila majira yanapomruhusu. Vitoto vinatoka zaidi ya mia, na karibu vyote vinaliwa na mijusi, ndege, nyigu na buibui wenzao. Anayefika utu uzima ni mmoja mmoja. Kwa hiyo anayechimba jike lililokomaa amechukua kazi ya miaka ya mlima mzima, na huenda na mayai yake.

Asubuhi mzee alitupeleka nyuma ya shamba lake akatuonyesha kilichomfanya aulizie jembe. Mteremko mzima ulikuwa na mashimo yaliyofukuliwa, mengine yamekuwa makorongo madogo kwa mvua. Aliwahi kuja mgeni, akawaambia watoto wa kijiji atalipa shilingi elfu mbili kwa kila buibui. Watoto waliacha shule wakachimba. Mmoja aliumwa mkononi, akalia usiku kucha, na mama yake akamkimbiza zahanati kwa pesa ya kukopa. Yule mgeni alikuwa amekwishaondoka na makasha yake. "Na upande huu," mzee akasema, "huwaoni tena. Tangu mwaka ule."

Mpwa wangu alikuwa ameliacha begi nyumbani kwa mzee, na mpaka tunaondoka hakulifungua kwa ajili ya buibui. Alizungumza kitu ambacho mimi sikukifikiria. Wafugaji wengi, alisema, hawana haja ya mnyama wa porini, kwa sababu huyu anazaliana vizuri sana ndani ya sanduku na vitoto vyake ni vya bei ya chini. Wanaochimba wanatafuta kitu kingine: rangi ambayo wenzao hawana, au kijiji ambacho bado hakijaandikwa popote. Ndipo akatoa simu yake. Picha alizopiga usiku zilikuwa zimehifadhi mahali, hadi mita. "Nikiziweka hivi, shangazi, watu watakuja na jembe kwa ramani yangu mwenyewe." Tulikaa chini ya mwembe wa mzee akafuta mahali kwenye picha moja baada ya nyingine, na mimi nikafuta kwenye zangu. Ndiyo maana jina la kijiji halimo humu, wala la kijito, wala la shule.

Kabla ya kuondoka alimuuliza mzee swali la moja kwa moja: kama wangekuja wenzake wawili watatu, wasio na jembe, wanaotaka kutazama tu na kupiga picha, kijiji kingekubali? Mzee akasema hilo si lake peke yake, akatupeleka kwa mtendaji. Pale ofisini tulikaa muda mrefu. Mtendaji alitaka mambo yawe kwa maandishi: mgeni aandikishwe kwenye daftari la wageni, atembee na mtu wa kijiji, asiguse shimo, asilipe mtoto, na ada iingie kwenye akaunti ya kijiji kwa stakabadhi. Mzee akaongeza kwamba anayekuja na kikopo arudishwe barabarani hata kama amelipa. Mpwa wangu alitaka kulipa ya kwetu sisi wawili. Mtendaji akakataa kuipokea mpaka mkutano wa kijiji upitishe kiwango, akachukua namba yake ya simu, na akamwambia atamjulisha baada ya mkutano.