Vilivyobaki Ukutani

Leo zimetimia wiki sita tangu tukabidhiwe funguo za nyumba hii, na ndiyo mara ya kwanza nimepata jioni tulivu ya kuandika. Kabla ya kununua tulikagua karibu kila kitu ambacho mnunuzi mwangalifu hushauriwa kukikagua: paa, nyufa za kuta, mabomba, nyaya za umeme, hati ya umiliki na jina lililomo ndani yake. Jambo moja tu hatukuliuliza, nalo ni vitu gani vingebaki ndani siku ambayo wenyewe wangeondoka. Nilidhani kwamba mtu anapohama huchukua vyake na kuacha kuta. Kumbe nyumba haihamwi yote kwa siku moja.

Tulipewa funguo tisa. Saba tulizitambua siku ileile, na mbili hazijafungua kitu chochote hadi leo. Vitasa vya milango ya nje tulivibadilisha kabla hata ya kuingiza kitanda, kwa sababu hakuna muuzaji, hata awe mwaminifu kiasi gani, anayeweza kukumbuka ni nakala ngapi za ufunguo alizowapa ndugu, majirani na mafundi kwa miaka yote aliyoishi hapo.

Stoo ndiyo iliyotuchosha. Tulikuta mbao fupifupi, zulia lililokunjwa likaota ukungu, chupa za dawa zisizo na lebo, mirija mirefu ya taa za zamani, na makopo ya rangi kumi na moja. Nilikasirika, na sioni sababu ya kuficha hasira hiyo, kwa kuwa kumwachia mgeni uchafu wako ni kumbebesha kazi ambayo hakuinunua. Mirija ile ina zebaki ndani yake, kwa hiyo haivunjwi wala haitupwi pamoja na taka za kawaida; na chupa isiyo na jina haifunguliwi ili kunuswa, bali hupelekwa ilivyo kwa wanaopokea taka hatari. Laiti tungeizungukia nyumba asubuhi ya makabidhiano, vyumba vikiwa vitupu na malipo ya mwisho yakiwa bado hayajatoka, tungeyaona yote hayo na kuyazungumza kwa utaratibu.

Hata hivyo, makopo ya rangi yalinifanya nitulie. Juu ya kila mfuniko mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene jina la chumba, mwaka wa kupaka na namba ya rangi kama ilivyochanganywa dukani. Mengi yalikuwa yamekauka, lakini maandishi yale yalikuwa na faida kubwa kuliko rangi yenyewe, kwa kuwa sasa naweza kuziba tundu la msumari ukutani bila kulazimika kupaka ukuta mzima. Ving'amuzi vya moshi vilivyoachwa darini vilinifundisha jambo jingine, yaani kukigeuza kitu na kukitazama mgongoni. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa huko, na vifaa vya aina hiyo hukusudiwa kutumika kwa miaka 10 hivi. Vyetu vilikuwa vimepita umri huo, ingawa taa zake ndogo zilikuwa bado zinawaka na mtu angeweza kulala chini yake akiamini kwamba analindwa.

Katika siku zile za hasira nilimuuliza wakili wetu ni kipi hasa kilichokuwa haki ya muuzaji kukiondoa na kipi kilikuwa chetu. Alinieleza kesi ya Holland v Hodgson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1872, ambamo mahakama ilitakiwa kusema kama mashine za kufumia zilizopigiliwa misumari kwenye sakafu ya kiwanda zilikuwa sehemu ya jengo au mali ya kuhamishika. Iliamuliwa kwamba ni sehemu ya jengo. Jaji Blackburn alifafanua kwamba huangaliwa mambo mawili: kitu kimeshikizwa kwa kiasi gani, na kimeshikizwa kwa kusudi gani. Mawe yaliyopangwa bila saruji yakawa ukuta ni sehemu ya ardhi, ijapokuwa hayashikiliwi na kitu ila uzito wake. Mawe yaleyale yakirundikwa kwenye yadi ya mjenzi ili yahifadhiwe tu, ni mali ya kuhamishika. Nanga ya meli nayo, hata izame ardhini kwa nguvu kiasi gani, haigeuki kuwa sehemu ya ardhi, kwa kuwa imetupwa hapo kwa ajili ya meli. Wakili aliongeza kwamba wauzaji na wanunuzi wenye busara hawaachii mahakama kazi hiyo, bali huandika orodha ya vitakavyobaki, kuanzia makabati na jiko hadi fimbo za mapazia, na pande zote mbili huitia saini. Sisi hatukuwa na orodha.

Neno kusudi lilinikaa moyoni. Tangu siku hiyo nilianza kuitazama nyumba kwa jicho lingine, nikijiuliza kila kilichoshikizwa kilishikizwa kwa ajili ya nani.

Bafuni kuna chuma cha kushikia, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kando ya bomba la kuogea. Kingine kiko karibu na choo, na cha tatu kinafuata ukuta wa ukumbi kuanzia mlango wa chumba cha nyuma. Tulipoviona mara ya kwanza mwenzangu alisema vinaifanya nyumba ifanane na hospitali, nami nilikubali, na kazi ya kuving'oa tukaiweka ya kwanza kwenye orodha ya fundi. Baadaye niliona mengine. Kizingiti cha chumba cha nyuma kimechongwa kikawa sawa na sakafu, ilhali vya vyumba vingine vyote vimeinuka. Swichi ya taa ya chumba hicho iko chini kuliko zote, mahali ambapo mtu aliyelala anaweza kuifikia. Sakafuni kuna mabonyeo manne ya miguu ya kitanda, na kitanda hicho hakikuegemezwa ukutani kama ilivyo kawaida. Kilisogezwa katikati, kikielekezwa dirishani, na kuachiwa nafasi pande zote mbili ili mtu aweze kupita akimhudumia aliyelala.

Fundi alipokuja na bisibisi yake, alikifungua chuma cha ukumbini upande mmoja tu, kisha akaniita. Nyuma ya plasta kulikuwa na ubao mnene uliochimbiwa ukutani kwa urefu wote wa chuma, ili kiweze kubeba uzito wote wa mtu hata akiteleza. Akasema aliyefanya kazi ile hakuwa akiifanya kwa haraka. Nikamwomba akirudishe.

Wiki iliyopita nilimpigia simu mama aliyetuuzia nyumba, kwa sababu barua zake bado zinafika kwetu. Baada ya salamu nilimwomba radhi kwa kuuliza, kisha nikamuuliza kuhusu vyuma. Alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "ving'oeni tu, nyumba ni yenu sasa. Baba yao alitaka kila asubuhi afike dirishani kwa miguu yake, asishikwe na mtu. Tulimwekea ili afike." Nikamuuliza kama alifika. Akasema alifika kwa miaka minne.

Kuhusu makopo ya rangi alisema ni mkono wa mumewe, nami nikaona aibu kwa maneno niliyoyasema nikiwa stoo. Zulia na chupa bado nashikilia kwamba zilipaswa kuondolewa. Lakini mjane aliyefungasha maisha ya watu wawili peke yake, nadhani ningeweza kumpigia simu hiyo mapema zaidi, na kwa sauti ya upole.

Mwenzangu naye amekubali kwamba vyuma vibaki. Mama yake atakuja kukaa nasi mwishoni mwa mwaka, na magoti yake hayampi nafuu. Tutampa chumba cha nyuma, na kitanda tutakiweka palepale penye mabonyeo. Leo mchana nilivipitia vyuma vyote vitatu kimoja baada ya kingine, nikaviegemea kwa uzito wangu wote. Cha ukumbini kilikuwa na skrubu mbili zilizolegea upande ule fundi alioufungua. Nimezikaza.