Nyasi Zilipogeuka Kijivu Laren

Ilikuwa alasiri ya Julai, jua kali, kando ya shamba la nafaka nje kidogo ya Laren, Uholanzi. Katika kijiji hicho mchoraji Ferdinand Hart Nibbrig aliishi hadi alipofariki mwaka 1915, akiichora nchi hiyo kwa vidoto vya rangi safi. Siku hiyo niliijaribu mbinu yake papo hapo.

Turubai ilikuwa ya sentimita 30 kwa 40, imepakwa nyeupe tupu. Rangi za mafuta zilikuwa saba: njano ya kadimiamu, machungwa, nyekundu, bluu, zambarau, kijani na nyeupe. Kwanza nilizilaza nusu saa juu ya karatasi ya kunyonya mafuta. Hatua hii haifai kurukwa, maana mafuta yakizidi, kidoto hutambaa kikaingia kwa mwenzake, na rangi zote mbili huchafuka.

Nafaka zilitoka upesi: njano, machungwa, nyeupe kidogo, na turubai ikiachwa ichungulie katikati. Shida ilikuwa nyasi. Nilipanga vidoto vya njano na bluu kwa idadi sawa, nikitarajia kijani. Niliporudi nyuma hatua tano, nikaona kijivu, kama majivu ya jikoni.

Rangi zikikorogwa, kila moja hunyonya sehemu ya mwanga, na kinachosalia ni kijani. Vidoto vilivyotengana havinyang'anyani mwanga. Jicho hupokea wa vyote viwili likapata wastani wake, na wastani wa njano na bluu ni kijivu. Kwa hiyo kijani hutoka moja kwa moja kwenye tyubu, njano ikafuata juu yake, na bluu ikaingia kidogo tu upande wa kivuli.

Nilikwangua sehemu ile kwa kisu cha paleti, nikaanza upya. Njano ya zinki sikuigusa kabisa. Seurat, mchoraji Mfaransa wa vidoto, aliitumia katika mchoro wake mkubwa wa kisiwa cha Grande Jatte, na baada ya miaka michache tu vidoto vile vikaanza kuwa kahawia. Inauma kulijua hilo.

Kisha kivuli cha mti: bluu, zambarau na vidoto vichache vya machungwa, bila tone la nyeusi. Kivuli hicho ndicho kilicholiwasha jua shambani, kwani njano ilikuwepo tangu saa nane na ilikuwa imelala tu.

Kufikia saa kumi na mbili jua lilikuwa bado juu, ila vivuli vilishahamia upande mwingine. Nusu ya chini ya turubai ilibaki nyeupe.